Niliacha Ukunga Nikae na Furaha

Sehemu ya saba

Aliyenikuta leo asihangaike, sitamrudisha mbali. Naitwa Editha, nakaa Bigwa, na nilikuwa mkunga kwa miaka tisa. Binti yetu, Furaha, alianza kuanguka kifafa akiwa na miaka mitatu. Alipofika mitano nikaletewa barua ya uhamisho kwenda kituo cha afya cha Mkuyuni. Mume wangu, Ezekiel, aliisoma ile barua akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akasema, "Mama Furaha, acha kazi. Tafuta ya kufanyia hapa hapa nyumbani, mtoto awe anakuona."

Nikaacha. Wenzangu wa wodini waliniona mjinga. Ndugu zangu wa kule juu milimani walisema nimerogwa. Mimi nilijua nimechagua, tena nimechagua vizuri.

Wiki iliyopita niliishia pale nilipopata kazi ya kunakili mahojiano.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Watafiti wanapanda Uluguru na vinasa sauti, wanazungumza na watu, kisha wananitumia maongezi kwenye kompyuta. Mimi navaa hedifoni, nasikiliza, naandika kila neno. Watu wa milimani wakinogewa na maongezi wanahamia Kiluguru, na hao watafiti hawakijui. Mimi nimezaliwa nacho. Ndiyo maana walinihitaji.

Sheria zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, unachokisikia hakitoki mdomoni mwako. Ya pili, jina la mtu haliandikwi. Mtu akitaja jina, unaweka JINA LIMEFICHWA. Sehemu isiyosikika, unaandika HAISIKIKI.

Mwaka huu utafiti ulikuwa juu ya akina mama wenye watoto wadogo: wanachaguaje kazi, wanaacha ipi, wanashika ipi. Nilicheka kidogo nilipoambiwa. Nikaona ni mimi nahojiwa.

Jumanne moja asubuhi nikafungua maongezi ya kumi na nne. Furaha alikuwa kwenye mkeka karibu yangu, anachora. Hakwenda shule wiki ile kwa sababu alikuwa ameanguka mara mbili.

"Unafanya kazi gani, mama?" binti anayehoji akauliza.

"Nashona," sauti ya mwanamke ikajibu. "Cherehani iko kibarazani. Mtoto akiamka namwona, akilia namsikia. Zamani nilikuwa nauza ndizi gulioni, nikaacha."

"Uliacha kwa sababu ya mtoto?"

"Kwa sababu ya mtoto, ndiyo."

"Baba yake anakusaidia?"

"Anakuja Alhamisi. Yuko Dakawa, anaendesha mashine ya kuvuna mpunga. Ezekiel."

Nikaandika JINA LIMEFICHWA.

Mume wangu anaendesha mashine ya kuvuna mpunga Dakawa. Nyumbani anakuja Jumamosi, anaondoka Jumatatu alfajiri. Nikajiambia kuna akina Ezekiel wengi, na mashine pale ni nyingi. Nikaendelea.

"Ana mke mwingine Bigwa," yule mwanamke akasema, bila kuulizwa. "Alikuwa mkunga. Walitaka kumhamishia hapa kituoni kwetu, mwanamume akamwachisha kazi asije akanikuta. Mwenyewe anadhani aliacha kwa ajili ya mtoto."

Nikarudisha nyuma. Si kwamba nilitaka kuhakikisha. Kuna neno moja halikunikaa sawa, sikujua kama alisema anadhani au anajua. Nikasikiliza tena. Alisema anadhani. Nikaandika anadhani.

Halafu akahamia Kiluguru. Alisema polepole, kila neno peke yake, kama mtu anayemsomea mwenzake barua.

"Najua unanisikiliza. Ameniambia kazi yako ndiyo hii. Mimi naitwa Mwanvita. Ukifika Mkuyuni uliza mshonaji anayekaa nyuma ya mashine ya kusaga. Njoo Ijumaa, siku hiyo yeye hayupo. Sikuiti tugombane. Nina habari ya mtoto wako."

"Samahani, mama, hapo umesemaje?" binti akauliza.

"Nimesema namshukuru Mungu," akajibu kwa Kiswahili.

Mikono yangu ilikuwa juu ya vitufe. Niliitazama. Nikaona kucha zimeota, nikakumbuka zamani nilikuwa nazikata kila Jumapili kwa ajili ya wodi.

Nikaandika HAISIKIKI. Nikatuma.

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika kazi ile. Sikulia. Nilisimama nikamenya viazi, nikavipika, tukala.

Jioni Ezekiel akapiga simu, kama kawaida yake.

"Mtoto anaendeleaje?"

"Ameanguka tena saa kumi."

"Leo?"

"Leo. Ya tatu ndani ya wiki."

Nyuma yake nilisikia watu wanaitana mashambani.

"Dawa unampa?"

"Nampa. Kimoja asubuhi, kama ulivyosema."

"Basi vumilia. Tutaona mbele."

Hapa lazima niseme jambo ambalo sijamwambia mtu.

Dawa ya Furaha ilikuwa vidonge viwili kwa siku. Kliniki yake ni Jumatano, na Jumatano ndiyo mwisho wa kutuma kazi ya wiki. Tangu mwezi wa tatu, Ezekiel akasema nisisumbuke, atakuwa anaomba ruhusa kazini na kuzichukua mwenyewe mjini. Siku ya kwanza alirudi na bahasha nyembamba. Akasema daktari amepunguza dozi, mtoto anaendelea vizuri, kimoja kinatosha.

Niliifungua kadi yake ya kliniki. Kwenye kadi iliandikwa viwili.

"Mbona hapa bado ni viwili?" nilimuuliza.

"Wamesema kwa mdomo. Wataandika safari ijayo."

Mimi ni mtu wa hospitali. Najua hakuna daktari anayepunguza dawa ya kifafa kwa mdomo. Nilijua siku ile ile. Lakini nilikuwa na maongezi mawili hayajaisha, na Irene, msimamizi wetu, alikuwa anayasubiri. Nikaifunga kadi, nikavaa hedifoni.

Niliacha ukunga nipate kumtazama mtoto, na mtoto nilikuwa simtazami. Nilikuwa nakaa naye chumba kimoja tu.

Jumatano Irene akanipigia.

"Editha, kumi na nne ina tatizo. Dakika ya thelathini na nane umeweka haisikiki."

"Ndiyo."

"Nimeisikiliza mwenyewe. Inasikika vizuri kabisa. Ni Kiluguru tu, mimi sikielewi. Wewe ndiye wa Kiluguru."

"Palikuwa na kelele upande wangu."

"Basi rudia."

"Siwezi kuirudia, Irene."

"Huwezi kwa nini?"

Yeye ni mtu mwema, alinifundisha kazi ile kwa simu, wiki nzima, bila kuchoka. Akasubiri, nami nikawa napangusa vumbi kwenye vitufe.

"Sikiliza," akasema. "Mtu akianza kuchagua cha kuandika, kazi imekufa. Sitakutumia nyingine mpaka unieleze. Nitampa mwenzako hii aimalizie wiki ijayo."

"Sawa."

"Ni hivyo tu? Sawa?"

"Sawa, Irene. Asante."

Nikazima kompyuta. Furaha akaniuliza kama leo kazi imeisha mapema. Nikamwambia imeisha.

Ijumaa nikampeleka Mkuyuni. Sikuwa na mtu wa kumwachia, na tangu aanze kuanguka ovyo nilikuwa namwogopea barabara, namwogopea jiko, namwogopea hata ndoo ya maji. Kuuliza hakukunichukua muda. Kila mtu anamjua Mwanvita mshonaji.

Nilimkuta kibarazani, anapinda sare ya shule. Ni mwanamke mwembamba, rika langu, ushungi wa buluu. Alipotuona alisimamisha cherehani kwa kiganja. Hakuniuliza mimi ni nani.

"Karibu, dada," akasema. "Huyu ndiye Furaha?"

"Ndiye."

"Shikamoo," Furaha akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ingia ndani, kuna mwenzako."

Ndani palikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitatu, anapanga vifungo vya nguo sakafuni. Anaitwa Asha. Sikuhitaji kuambiwa ni wa nani. Paji la uso lilikuwa la Ezekiel, na masikio yalikuwa yale yale ya Furaha, yaliyosimama kidogo mbele. Furaha alikaa chini akaanza kupanga vifungo naye, kama watu waliozoeana.

Mwanvita akaniletea kiti. Yeye akakaa kwenye kigoda.

"Nilidhani utakuja na ndugu zako," akasema.

"Nimekuja na mtoto."

"Unanichukia?"

Nilijitafuta ndani. Palikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaubonyeza na hausikii kidole.

"Sijui," nikasema. "Ulisema una habari."

Hakupata nafasi ya kunijibu. Vifungo vilitawanyika sakafuni. Nilipogeuka, Asha alikuwa amelala chali, macho yamepinduka juu, mikono inakaza. Mwanvita alikimbilia kijiko. Nikamshika mkono.

"Usimtie kitu mdomoni."

"Atajing'ata ulimi."

"Usimtie kitu. Nipe kanga."

Nikamgeuza mtoto ubavu, nikamwekea kanga chini ya kichwa, nikasogeza kigoda. Nikaanza kuhesabu kwa saa ya ukutani. Mikono yangu ilifanya yenyewe. Ilikuwa imepita miaka miwili tangu nimshike mtoto wa mtu mwingine, na mikono haikuwa na habari hiyo.

Furaha alikuwa amejibanza ukutani. Alikuwa hajawahi kuona mtu akianguka. Yeye siku zote ndiye anayeanguka.

"Mama," akauliza taratibu, "mimi nikianguka huwa hivi?"

"Ndiyo, mama. Hivi hivi. Halafu inaisha."

Dakika tatu na nusu. Ikaisha. Asha akalegea, akaanza kukoroma.

"Ilianza lini?" nikamuuliza Mwanvita.

"Mwaka jana, mwezi wa kumi na mbili. Nilimpeleka kituoni, wakaniandikia barua ya kwenda hospitali ya mjini. Ezekiel akaichukua ile barua. Akasema atalishughulikia mwenyewe. Alisema mjini wanakufahamu, wataandika jina la baba, utajua."

"Na dawa?"

"Anazileta yeye."

Akainuka, akafungua sanduku la nguo, akanipa bahasha ndogo ya dawa. Juu yake pameandikwa kwa kalamu ya buluu: Furaha Ezekiel. Viwili kwa siku.

Niliigeuza. Niliisoma nyuma pia, ingawa nyuma hapakuwa na kitu.

"Ananiletea hizi tangu mwezi wa tatu," Mwanvita akasema. "Nilimuuliza huyu Furaha ni nani. Akasema hilo ni jina la dawa. Mimi nilifika darasa la saba, dada, najua kusoma. Nikajua kuna mtoto mahali anapungukiwa. Nikakaa na hilo miezi miwili, nikampa wangu huku najua. Sikuwa na namba yako. Aliniapia nikionekana Bigwa hanijui tena. Halafu wakaja wale watoto wa chuo na kinasa sauti."

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza. Lakini naye Asha hazimsaidii. Kimoja kimoja, wote wawili wanaanguka."

Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amegawa. Nadhani alijiona ametenda haki, kila mtoto kimoja, hakuna aliyependelewa. Namfahamu Ezekiel. Hata chungwa nyumbani analigawa kwa kipimo.

Nilingoja hasira. Haikuja. Nikamwambia Mwanvita ambebe mtoto, twende kituoni.

Mganga aliyekuwa zamu alikuwa Ignas. Tulisoma chuo kimoja, yeye akaendelea mbele, mimi nikabaki kwenye ukunga. Alimpima Asha, kisha Furaha, akaniangalia mimi, akamwangalia Mwanvita, akawaangalia watoto wawili. Ignas hana makuu. Hakuuliza. Aliandika barua mbili za hospitali, moja ya kila mtoto, akasema wote wapelekwe Jumatatu, uzito wa Furaha umeongezeka, huenda hata vidonge viwili havitoshi tena.

Kisha akanivuta kwenye korido.

"Editha, sikuulizi ya nyumbani. Nakuuliza hili. Ile nafasi uliyohamishiwa hapa haijawahi kujazwa."

"Nimeshaacha serikali, Ignas."

"Najua. Kuna mradi unataka mkunga wa muda. Siku tatu kwa wiki, saa moja na nusu mpaka saa saba mchana. Usiku hakuna. Ndiyo ile uliyokuwa unaililia siku zote. Wanataka jina keshokutwa asubuhi."

"Keshokutwa Jumapili."

"Ndiyo hivyo. Nikilikosa lako nitapeleka la mwingine."

Nilimwambia nitamjibu. Akasema nijibu kweli, nisipotee tena.

Tukarudi kwa Mwanvita. Asha alilala mgongoni kwake njia nzima. Furaha alishika pindo la kanga yake, kanga ya Mwanvita, na sidhani kama alitambua anachofanya.

Kibarazani nilimweleza habari ya kazi. Sijui kwa nini nilimweleza. Labda kwa sababu hapakuwa na mwingine.

"Utaichukua?" akauliza.

"Nimwache wapi Furaha? Hawezi kukaa peke yake. Shule yenyewe wananiita kila akianguka. Ndiyo maana nilikaa nyumbani."

Akavuta sare ile ya shule, akaiweka chini ya sindano, hakushona.

"Mlete hapa," akasema. "Mimi kazi yangu iko kibarazani, siendi popote. Leo umenionyesha cha kufanya, na sitashika tena kijiko. Wewe una mikono ya dawa, mimi nina kutwa nzima. Wakae hapa wote wawili."

"Kwako?"

"Kwangu. Sikuombi tuwe marafiki. Hata tukiwa hatusalimiani, watoto watakuwa na mtu."

Nilimtazama. Alikuwa anazungumza kama mtu anayepatana bei ya kitambaa, lakini miguu yake ilikuwa inakanyaga pedali ya cherehani hewani, haraka haraka, na gurudumu halizunguki.

"Kuna jambo moja," akaendelea. "Jana alikuwa hapa. Amesema Jumapili analeta gari, anatuhamishia Dakawa, mimi na Asha. Amenipangia chumba. Nadhani ameanza kuogopa. Mimi nimeshafunga nusu ya vyombo."

"Utaenda?"

"Ukisema Furaha anakuja hapa, siendi. Nitamwambia mbele ya gari lake siendi. Ukisema hapana, nitakwenda, kwa sababu peke yangu sitaweza kumlea huyu akiwa anaanguka. Ila niambie leo, dada. Usinitumie ujumbe kesho."

Ndani, Furaha alikuwa anamfunika Asha kwa kitenge, anamfunika miguu, kisha kichwa, kisha anamfunua tena ili apumue.

Kazi ya hospitali niliiacha kwa maneno ya Ezekiel. Kazi ya kompyuta niliipoteza kwa sauti ya Mwanvita. Sasa nilikuwa naulizwa mimi, na nilikuwa sijui mtu anayeulizwa anajibuje.

"Naomba maji ya kunywa," nikamwambia.

Akaingia ndani kuchukua. Nikatoa simu, nikabonyeza jina la mume wangu. Ililia mara moja tu, akapokea. Mashine ilikuwa inanguruma mpaka ilibidi apaze sauti.

"Mama Furaha, kuna nini? Ameanguka tena?"

"Hapana."

"Uko wapi? Mbona sikusikii vizuri?"

"Niko Mkuyuni," nikasema. "Nimekaa kibarazani."

Nilisikia mashine ya kuvuna inazimwa, na upande wa pili kukawa kimya shamba zima.